Kuitwa ku Cabine

Jumapili, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nadège hapatikane. Kila nikipiga ni ule mwanamuke wa Kifaransa wa ndani ya simu — votre correspondant, votre correspondant, eti muntu hapatikane. Juma muzima sasa. Nimepiga mbele ya kanisa, nimepiga kisha kanisa. Hata muchungaji akiwa anaomba, kidole yangu ilikuwa ku simu chini ya kikwembe, kitenge yangu. Mungu anisamehe.

Mutoto yangu iko Misisi na bwana yake Guy. Mimba iko karibu kumaliza. Ile ya kwanza, mwaka jana, ilitoka kule kule Misisi, damu nyingi, tulizani tutamupoteza na yeye. Njo maana tulipatana wote — yeye, Guy, baba yake, miye — kama hii atakuja kuzalia hapa Baraka, karibu na hospitali, mikononi mwangu. Alisema: Mama, mwezi wa pili ikiisha niko kwako. Imeisha. Kitanda iko tayari, shuka nimefua, nimefua tena.

Bwana yangu Henri anasema batoto ya leo banasahau kuchaji simu. Eti nitulie. Lakini yeye mwenyewe anatoka-toka kuangalia barabara ya Fizi. Nikimuuliza asema anaangalia mvua.

Mvua gani. Jua inachoma.


Jumatatu, tarehe 4

Nilitaka kupanda moto, pikipiki ya kukodi, niende Misisi. Nilishafunga mufuko. Henri akaikamata, akakaa nayo ku magoti, akaniuliza polepole sawa vile anaongea na mutoto: na kama yeye iko mu njia? Munapishana kule mu milima. We unafika Misisi unakuta mulango na kufuli. Yeye anafika hapa na ile tumbo, anakuta mulango na kufuli, na miye nimeenda kulima kule Lubondja.

Ana haki. Nikakasirika vile vile. Sikumupa chai.

Kujua kama yuko wapi — njo hiyo tu nahitaji. Iko Misisi, naenda. Iko mu njia, nangoya. Lakini simu ya leo haijui kitu ya mutu. Inajua kama simu ingine imefungwa, basi. Haiwezi kusimama mulangoni kuuliza jirani.

Kutoka soko nilipita kwa Papa Alphonse, ule alikuwa na cabine, kibanda cha simu ya kulipia. Sasa anauza sabuni, anachajia bantu simu zao. Lakini kisanduku ni ile ile ya cabine, mbao zile, ile dirisha ndogo, rangi ya manjano bado inaonekana pale chini mbuzi hazijalamba. Nilisimama tu. Moyo ikarudi nyuma.

Lo, ile cabine! Ndani kulikuwa na simu ya meza, nyeupe, na kamba yake ya kujikunja. Pazia ya maua ya kukufichia uso. Uso tu — sauti ilikuwa ya benchi yote. Na bantu balivaa! Haukuendea simu na nguo ya shamba. Miye nikienda kuongea na dada yangu kule kambini Tanzania, navaa kikwembe ya kanisa, napaka mafuta miguuni. Henri ananicheka, eti dada yako ataona miguu? Na yeye, siku ya kuongea na kaka yake wa Lubumbashi, alinyoa ndevu. Nilimushika na wembe mukononi. Akasema ndevu zinawasha.

Nitaandika kesho. Macho yamechoka.


Jumanne, tarehe 5

Leo nilirudi kwa Papa Alphonse, nikamwambia yote. Alisikiliza sawa vile zamani, mukono ku shavu, bila kukata maneno. Kisha akasema: Mama Nadège, na tumuitishe.

Tumuitishe! Miaka ngapi sijasikia ile neno.

Naandika vile ilikuwa, juu mutoto ya Nadège hataamini. Zamani hakuna muntu alikuwa na simu ku mufuko. Simu ilikuwa ya wote. Dada yangu akinitaka, anapigia cabine, anamwambia Papa Alphonse: nataka Mama Nadège, kesho kisha chakula. Papa Alphonse anafunga kisanduku, anakuja na miguu, anasimama mu njia anaita: Mama Nadège, kesho Kigoma inakutaka! Avenue nzima inajua. Kesho yake hauendi peke yako. Muntu anakushikia mutoto, muntu anakuangalizia chungu, na ukitoka bote banauliza habari za dada sawa vile ni dada yao. Mama Vanessa, huyu jirani wa mulango kwa mulango, alikuwa anatangulia kulia kabla yangu. Alikuwa hata hamujui dada!

Na kitu moja Papa Alphonse alifanya, hakuna muntu alimufundisha. Kama habari ilikuwa ya kifo, hakukuita peke yako. Alipitia kwanza kwa majirani, anachukua bamama wawili, njo anakuja nabo. Ili ukianguka, mikono iko. Tulijua wote. Ukimuona Papa Alphonse anakuja peke yake, unacheka, unatafuta viatu. Ukimuona anakuja na bamama nyuma — unaanza kulia mbali, hata hajafungua mudomo.

Ile ilikuwa heshima kubwa. Leo kifo inakuja ku WhatsApp na picha ya maua, unasoma ukiwa unasonga bugali, peke yako, mwiko mukononi.

Bon. Papa Alphonse ana rafiki kule Misisi, anaitwa Dany. Alikuwa na cabine na yeye, sasa anauza vipuri vya moto. Hawajaonana hata siku moja! Banajuana na sauti tu, tangu zile siku za kuitishiana bantu, na bado banasalimiana. Alimupigia mbele yangu. Ikapita. Nikasikia Papa Alphonse anasema na sauti ile ile ya zamani, nzito, ya kazi: Misisi, nahitaji muntu. Nadège, bibi ya Guy, muchimbaji, mukaaji wa karibu na kanisa la mabati mekundu. Mama yake iko mbele yangu.

Na ule Dany akajibu — nilisikia kabisa — akasema: Mama akae chini. Naenda na miguu.

Nilikaa chini. Ku benchi ile ile.


Jumatano, tarehe 6

Nimepona. Herufi zinapanda juu zinashuka.

Asubui nilikuwa nachagua mchele nje. Nikainua macho. Papa Alphonse anakuja mu njia. Nyuma yake Mama Vanessa. Nyuma ya Mama Vanessa, mama mwingine wa kule chini, ule anauza ndagala, zile samaki ndogo. Wawili.

Sijui nilisema nini. Banasema nililia jina la Nadège mara moja tu, kisha sinia ikaenda chini, na miye nikaenda chini. Henri alitoka ndani bila shati. Alipowaona wale watatu, na yeye akakamata mulango. Alijua ile kutembea.

Kumbe Mama Vanessa alikuwa anafuata simu yake ya kuchaji! Papa Alphonse aliiweka ku mufuko juu alishafunga kisanduku. Na ule wa ndagala alikuwa anaenda soko, basi, barabara ni moja. Papa Alphonse akabakia amesimama na mikono juu, anasema hapana, hapana, iko muzima, iko muzima, Mama Nadège, habari ni nzuri, niliwaza habari nzuri inaweza kutembea na muntu yeyote!

Mama Vanessa aliniokotea mchele yote, moja moja, huku ananitukana. Asema nimemuzeesha. Asema sasa hatatembea tena nyuma ya mwanaume mu njia hii, hata bwana yake mwenyewe. Nilianza kucheka nikiwa bado nalia. Henri akaenda kuvaa shati, akakawia sana huko ndani.

Habari yenyewe: Dany alienda mpaka ku nyumba. Mulango na kufuli. Lakini yeye si simu, hakuishia pale. Aliuliza majirani. Balimwambia mvua ilibeba daraja, njia ya kuja kwetu ilikatika, makamyo yamelala mu matope. Guy aliogopa kungoya. Alimupandisha Nadège ku moto, polepole, akamupeleka kwa mama yake Kilembwe. Na simu ilianguka mu maji pale banavuka. Njo ile kimya yote.

Kwa hiyo iko Kilembwe. Muzima. Kwa mama mukwe.

Nashukuru Mungu. Nashukuru na Dany, ule sijawahi kuona uso yake. Kisha kuandika hii nitalala kidogo.


Jumatano tena, mangaribi

Sijalala. Kwa mama mukwe!

Mama Guy ni muntu mzuri, sisemi. Siku ya mahari alikuja na kitambala ya kijani na alinikumbatia. Lakini hakuwa pale mwaka jana. Hajui vile damu ya Nadège inatoka. Hajui kama mutoto yangu akiogopa hasemi, anaimba. Kwa maumivu halii, anaimba wimbo wa Sunday school. Nani atamwambia Mama Guy kama ile nyimbo si furaha?

Na njia haipitiki. Henri aliulizia kwa bamotari. Benye wazimu tu njo banapita, na benyewe banabeba moto ku bega.

Kilembwe réseau ya simu haishike. Papa Alphonse asema kule ku centre de santé, zahanati yao, kuko phonie.


Alhamisi, tarehe 7

Phonie! Nilisahau kama ile mashini iko bado ku dunia hii.

Mbele cabine hazijakuja, njo ilikuwa phonie. Redio na waya ndefu juu ya mti, na batri ya gari. Muntu mmoja anasema, mwingine ananyamaza. Ukimaliza unasema "à vous", unaachilia kifungo, njo na yeye anasema. Hakuna kukatana maneno. Henri anasema ndoa yetu ingehitaji phonie.

Kanisa letu iko na moja, nyuma ya bureau ya muchungaji, bado nzima, juu parokia za milimani hazina njia ingine. Papa Alphonse njo anaitumikisha asubui. Alinipeleka. Nilivaa vizuri. Mama Vanessa alitaka kuja, nikamwambia atangulie mbele yangu, si nyuma. Akanipiga na kitambala.

Kile chumba! Ile kelele, shhhh, sawa vile mafuta mu sufuria. Papa Alphonse akavaa miwani. Kilembwe, Kilembwe, hapa Baraka, à vous. Kimya. Kilembwe, Kilembwe. Kisha sauti ya mwanamuke, ndogo, inatoka mbali sawa ndani ya mutungi: Baraka, hapa Kilembwe, nakusikia nusu-nusu, tatu juu ya tano.

Anaitwa Gentille. Njo mwenye phonie pale centre. Papa Alphonse akamueleza. Gentille akasema anamujua Nadège, alikuja kupimwa jana, anatembea vizuri, kesho asubui atamuleta ku phonie tuongee. Kisha akauliza kama mama ana neno.

Papa Alphonse akanipa kifungo. Nikasahau kila kitu. Maana ku phonie haiko wewe na mutoto yako tu. Fizi inasikia, Misisi inasikia, Lubondja, makanisa, benye kununua zahabu, bote bako masikio mu ile njia moja ya redio. Na miye nataka kuuliza mambo ya damu na tumbo la mutoto yangu! Nikauliza kama mugeni wetu ameshakaribia. Gentille akasema mugeni iko mulangoni, bado anavua viatu.

Na hapo mwanaume mmoja, sijui wa wapi, akaingilia mu njia, akasema: Mama, mugeni wa hivyo akifika hatoke tena, mutanunua viti.

Mu chumba yote tukacheka. Hata Gentille. Papa Alphonse akamukaripia, akamwambia aache njia. Lakini miye nilipenda. Nilipenda kabisa. Ule mwanaume hanijui, simujui, na alichekea mutoto yangu kwa upole.

Njo kile kitu nilikuwa natafuta tangu Jumatatu bila kujua jina yake. Leo kila muntu anaongea amejifungia mu simu yake, anazunguka nyuma ya nyumba, anashika sikio. Zamani maneno yalikuwa nje. Ndiyo, haya ilikuwa mingi. Siku moja bibi ya mwalimu aligombana na bwana yake wa Kalemie mu cabine mpaka benchi ikagawanyika, bengine upande wa bwana, bengine upande wa bibi. Lakini ule bibi alipotoka, kulikuwa bantu pale nje.

Kesho ni siku ya bamama. Bote batatembea na kikwembe mupya. Miye nitavaa yangu, niende ku phonie.


Ijumaa, tarehe 8

Mapema. Henri amenyoa ndevu. Nimemupa chai.


Ijumaa, ku phonie

Naandika hapa hapa, ku magoti, juu Papa Alphonse amenikataza kusema na nisipofanya kitu na mikono nitakufa.

Tulifika. Kilembwe, Kilembwe. Gentille akajibu, lakini sauti haikuwa ya jana. Akasema: Baraka, mama ya Nadège iko pale? Papa Alphonse akasema iko, na baba iko. Akauliza tena: bamekaa? À vous.

Papa Alphonse akatuangalia. Tulikuwa tumesimama. Henri akavuta benchi.

Nadège iko mu salle ya kuzalia tangu alfajiri. Mutoto amegeuka vibaya, anakuja na matako mbele. Damu inatoka. Kidogo, Gentille alisema. Kidogo. Muforomo, muuguzi wa pale, iko naye, na Mama Guy. Guy ametumwa kutafuta daktari ule anapitaka ku vijiji, banasema jana alilala karibu.

Kisha sauti ingine. Mama Guy. Hajue phonie, alisahau kusema à vous, alisahau kuachilia kifungo, aliongea yote mara moja. Akasema, naandika vile alisema: "Mama Nadège, mutoto wetu anaimba. Nilijua tu haiko furaha. Ananiuliza kama uko pale ku phonie. Nimwambie nini?"

Nilikamata kifungo na mikono miwili. Nikasema: "Mwambie niko. Mwambie sitoke."

Sikusema à vous na miye. Papa Alphonse alisema kwa ajili yangu.

Mama Guy akakimbia. Tulisikia kandambili zake.

Hapo Misisi ikaingia — ni ule wakati wa benye zahabu, kila asubui banapashana bei, njia inajaa kelele. Sauti ikaanza kuita Fizi. Nilitaka kupiga ile mashini. Papa Alphonse akakamata kifungo, akasema na sauti ya kazi: Hapa Baraka. Kuko mama anazaa Kilembwe. Mama yake iko hapa. Naomba njia. À vous.

Shhhh.

Kisha Misisi akasema: Misisi inanyamaza.

Kisha mwingine: Fizi inanyamaza.

Lubondja inanyamaza. Halafu majina mengine, sauti za wanaume, moja moja, bengine mbali sana, siwezi kuandika zote. Moja ilikuwa ule wa viti, nilimujua. Hakuchekesha. Alisema tu jina la mahali yake na kama ananyamaza.

Sasa hakuna muntu anasema. Bote bako pale, najua, masikio ku mashini, na hakuna anasema.

Nje bamama banapita, banaimba, ngoma, avenue yote. Mama Vanessa alitoka kuwaambia. Ngoma imesimama. Naona miguu yao chini ya mulango, bamesimama pale, vikwembe vyote vya rangi moja.

Henri ameweka mukono yake mu yangu ile ya kushoto. Yote imelowa.

Gentille amefungua mulango wa salle, amevuta waya ya kifungo mpaka mwisho, alisema: Mama, siachilie kifungo. Hautaweza kunijibu, lakini utasikia. Na hajaachilia. Nasikia kuku. Nasikia mvua inapiga mabati ya Kilembwe, mvua kubwa. Nasikia Mama Guy, anaimba, anaimba ile ile ya Sunday school pamoja naye, hajui maneno yote, anasukuma tu na sauti. Nasikia muforomo anasema bado, bado, sasa.

Hapa kwetu hakuna mvua. Papa Alphonse amevua miwani. Ameongeza sauti mpaka mwisho.